Je, ni dhambi kusoma riwaya za Kikristo zinazohusu siku za mwisho?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimesoma riwaya kadhaa za Kikristo zinazosimulia unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa ghafla kumlaki Bwana, na dhiki kuu, yaani mateso makubwa ya siku za mwisho. Tangu hapo, nikiamka usiku na kukuta nyumba iko kimya, hofu hunishika kwamba wenzangu wamenyakuliwa nami nimeachwa. Je, nilitenda dhambi kuzisoma? Na binti yangu mwenye umri wa miaka 13 anaziomba, nimpe?

Jibu: Dada mpendwa katika Kristo, kusoma hadithi ya kubuni si dhambi. Nabii Nathani alimfikia Mfalme Daudi kwa kisa cha maskini na mwana-kondoo wake, na Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwa mifano. Kinachonigusa zaidi katika barua yako ni hiyo hofu ya usiku, kwa maana haikutoka katika Maandiko bali katika mpangilio wa matukio aliouchagua mtunzi, nao umekukaa moyoni kana kwamba ni neno la Mungu.

Fungua 1 Wathesalonike 4, sura ambayo riwaya hizo huitegemea sana. Paulo aliwaandikia watu waliokuwa na huzuni kwa ajili ya ndugu zao waliolala mauti. Tazama anavyolieleza tukio lenyewe katika mstari wa 16: kuna mwaliko, kuna sauti ya malaika mkuu, kuna parapanda ya Mungu, na waliokufa katika Kristo ndio wanaotangulia kufufuliwa. Humo hamna nyumba iliyobaki kimya wala nguo zilizoachwa kitini. Hayo ni ya mtunzi. Kisha mtume anamalizia kwa kusema, "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Maneno yaliyoandikwa ili kuwafariji waliofiwa yakigeuka kuwa kitisho kwa mtu aliye ndani ya Kristo, yamesomwa kinyume cha kusudi lake.

Ujue pia kwamba fundisho la kanisa kunyakuliwa kwanza, kisha ifuatie miaka saba ya dhiki, lilipata umbo lake katika karne ya 19 kupitia mahubiri ya John Nelson Darby, aliyewahi kuwa kasisi wa Kanisa la Ireland, na likaenea zaidi kwa Biblia yenye maelezo ya Scofield iliyotoka mwaka 1909. Mfululizo wa riwaya ulio maarufu kuliko yote, ulioanza kuchapishwa Marekani mwaka 1995, umejengwa juu ya fundisho hilo. Wapo watumishi wa Mungu wenye kicho wanaolishika, nami siwahukumu. Lakini walimu wakuu wa kanisa wa zamani kama Augustino, Luther na Calvin hawakulifundisha. Hata hiyo miaka saba haitajwi katika Ufunuo, ambao husema miezi 42 na siku 1,260. Hupatikana kwa kuunganisha maneno hayo na juma moja la Danieli 9:27, linalohesabiwa kuwa miaka saba, siku moja kwa mwaka mmoja. Waamini wanatofautiana kwa haki juu ya muunganisho huo, na riwaya haina namna ya kukuonyesha tofauti hiyo, kwa kuwa hadithi hulazimika kushika njia moja na kuisimulia kama jambo lililokwisha kutokea.

Binti yako nisingemnyima, ila nisingemwacha asome peke yake. Someni pamoja, na kila mnapofika kwenye tukio kubwa fungueni Biblia, msome sura nzima wala si mstari mmoja, umwulize ni lipi limeandikwa na ni lipi limebuniwa. Ndivyo walivyofanya watu wa Beroya katika Matendo 17:11, nao walikuwa wakimpima Paulo mwenyewe. Kitabu kinachodai kwamba kimeijua tarehe kiwekeni kando mara moja, kwa sababu Mathayo 24:36 yasema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile ila Baba peke yake. Naye akianza kukosa usingizi kama wewe, simamisheni usomaji huo na mkae kwanza na Yohana 10:27-29, ambapo Bwana anaahidi kwamba hakuna awezaye kuwapokonya kondoo wake mkononi mwake.