Wanashikanaje mjini?

Ami, umeuliza wapagani wa siku hizi huko Ulaya, wale wanaoabudu miungu ya kale, wanashikanaje mjini. Wa Reykjavik waliunda jumuiya yao 1972, na 1973 serikali ya Aislandi ikaitambua, basi wakaweza kufungishana ndoa kwa taratibu zao. Karatasi ilisaidia, sikatai. Lakini mimi naona kazi kubwa hufanyika uani. Tazama kilinge cha kibuki, yaani kikundi cha ngoma ya pepo, hapa Ng'ambo, Unguja: fundi anayekiongoza akiumwa goti, kina mama wanamchotea maji, ngoma ikikaribia daftari la mchango linazunguka, huyu elfu tano, yule chupa ya brandi. (Na hao hao ni Waislamu, ukiwaita wapagani utakiona!) Cha mtaani kwetu kilivunjika pale fundi alipofariki hajamwachia mtu mkoba, yaani uganga wake.