Mwaridi mkongwe: chukua watoto kwanza, mama utamtibu baadaye

Kuna nyumba za mawe hapa Lamu ambazo utakuta mwaridi umejibanza pembeni mwa kiwanda (kiwanda chetu, ule ua wa ndani, si cha saruji): vijiti vitupu, majani ya manjano, na hakuna anayekumbuka nani aliupanda. Nyinyi mnaoanza, mkikabidhiwa mti wa namna hiyo, msikimbilie jembe wala ndoo. Shikeni mkasi, mkate vijiti vya kupanda: hao ndio watoto, na mti mkongwe ndio mama.

Mimi nilikimbilia samadi. Samadi ya punda, mbichi, ya jana yake, nikaijaza shinani na kujiona nimefanya hisani. Haikupita wiki mbili, machipukizi mawili yaliyobaki yakaungua. Sikuwa nimekata hata kijiti kimoja cha akiba, na mti wa aina ile sijauona tena.

Kata tawi lililokwisha kutoa ua, unene wa penseli, sentimita 15 hadi 20. Changa sana huoza, la gome la kijivu huchelewa mno. Sukuma mwiba kwa kidole gumba: ukibanduka safi, tawi limeiva. Mkato wa chini uwe chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota. Juu bakiza majani mawili. Zika theluthi mbili kwenye kopo lenye matundu, mchanga na mboji nusu kwa nusu, lifunike kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, liweke kivulini. Mchanga wa ufuoni una chumvi. Uoshe kwa maji matamu mara kadhaa.

Sasa mtihani. Baada ya wiki mbili kijiti huchipua, vijani vyekundu vizuri, na wewe mbio kumwita jirani. Vijani hivyo vinakula akiba iliyomo ndani ya kijiti, mizizi bado. Hiyo huchukua wiki nne hadi nane, na ukikichomoa kuchungulia umekata nyuzi nyeupe zilizokuwa ndiyo kwanza zinatoka. Ngoja zichungulie zenyewe kwenye matundu. Kama tawi linainama hadi chini, afadhali ulilaze: likwangue gome upande wa chini, lifukie, weka jiwe, usilitenge na mama mpaka lishike.

Ndipo umrudie mama. Ondoa vikavu vyote, kata mpaka uone kiini cheupe, lakini mbao hai usizidishe theluthi. Kisha soma majani. Kingo zikiungua kama karatasi, shaka ya kwanza ni chumvi ya kisima. Kinga maji ya mvua. Jani likiwa manjano na mishipa imebaki kijani, chokaa ya matumbawe imeuzuia mti kupata chuma. Mpe mboji iliyooza vizuri. Kazi yote hii ianze na masika. Wakati wa kaskazi utapigana na jua bure.

Wenyewe watakuambia ni waridi la marashi, kwa sababu linanukia. Hilo, yaani la Damaski, hupenda baridi kabla ya kuchanua, na kwa kawaida huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka. Ukiona maua Januari na tena Agosti, mimi ningedhani lina damu ya waridi la Kichina, lile linalorudia kuchanua.

Ukitaka miche mitatu, kata vijiti kumi. Wa kwanza kushika ni wa mwenye nyumba.