Stopu ikiguswa, kabla hujasema kuna mkono wa mtu

Bei ilishuka, ikagusa stopu yangu (oda inayonitoa sokoni yenyewe bei ikifika pale, hasara isizidi) kwa robo pointi tu, ikageuka na kupanda pointi thelathini bila mimi. Nikapiga meza. Mke wangu akauliza kuna msiba wapi. Nikamjibu, "Humu kuna mkono wa mtu."

Nafanya biashara ya fyucha (mikataba ya kununua au kuuza tarehe ya mbele kwa bei iliyokubaliwa leo) za fahirisi ya hisa za kampuni kubwa za Marekani, S&P 500, ile mikataba midogo ya soko la CME, Chicago, ambayo pointi moja ni dola 5. Mkataba mkubwa wake, E-mini, ni dola 50 kwa pointi. Kwa muda mrefu kila hasara niliitafutia mchawi.

Na wachawi wapo, tusidanganyane. Tarehe 6 Mei 2010 Dow Jones, fahirisi nyingine ya hisa za Marekani, iliporomoka karibu pointi 1,000 kwa dakika chache, kisha sehemu kubwa ikarudi. Mwaka 2015, kwa tuhuma za kuchangia anguko hilo, akakamatwa Navinder Singh Sarao, aliyekuwa akifanya biashara kutoka nyumbani kwa wazazi wake Hounslow, London. Mchezo wake ulikuwa oda za danganya toto: anapanga oda kubwa za kuuza E-mini juu kidogo ya bei, watu wanaona ukuta wa wauzaji, wanaogopa na kuuza, yeye anazifuta kabla hazijaguswa. Mwaka 2016 alikiri makosa. Lakini ripoti ya wasimamizi wa masoko wa Marekani, ya 2010, ilikuwa imetaja kitu kingine: programu ya kompyuta ya mfuko mmoja wa uwekezaji iliyokuwa ikiuza mikataba 75,000 bila kujali bei. Hata siku ile, basi, ukitaka mchawi mmoja wa kubeba lawama zote humpati.

Mimi na mikataba yangu miwili, nani angehangaika nami?

Nikaanzisha daftari. Kila stopu ikiguswa naandika saa, niliiweka wapi na kwa nini pale. Baada ya miezi mitatu nilisoma nikaona aibu. Nyingi ziliguswa saa tisa na nusu alasiri, takwimu za ajira au za mfumuko wa bei za Wizara ya Kazi ya Marekani zinapotoka, au dakika za mwanzo baada ya New York kufungua saa kumi na nusu (kipindi chao cha baridi ongeza saa moja). Na karibu zote nilikuwa nimezibandika chini kidogo ya bei ya chini ya jana, palepale wanapobandika wote waliojifunza kwenye video zilezile. Stopu za wanunuzi ni oda za kuuza. Mwenye fedha nyingi anayetaka kununua anahitaji wauzaji, na hapo wamerundikana. Mvuvi hutupa wavu penye samaki, hamjui samaki kwa jina.

Ila kama biashara yako ni ile ya "US500" kwenye programu ya simu, yaani kubashiri bei ya fahirisi hiyohiyo kupitia dalali, shaka yako ina mahali pengine pa kwenda. Hapo mara nyingi hauko Chicago kabisa. Unayeshindana naye anaweza kuwa dalali wako mwenyewe, na bei ni yake. Dalali wangu wa kwanza, jina nalihifadhi, alikuwa na mishumaa (alama za chati zinazoonyesha bei ilivyopanda na kushuka) yenye mikia mirefu ambayo sikuiona kwenye chati ya CME. Tofauti ya kawaida baina ya bei hizo mbili ipo, na hubadilika polepole. Inayopanuka ghafla kwa mshumaa mmoja, ikala stopu yako, kisha ikajirudi, ipige picha, linganisha na Chicago dakika ileile, ulalamike kwa maandishi. Zikijirudia, toa pesa zako. Mimi nilitoa.

Siku hizi nashika mkataba mmoja, stopu naiweka mbali zaidi, na takwimu zikikaribia nakuwa nje. Wiki iliyopita nilijisahau, nikaliwa. Mke wangu akachungulia: "Leo mkono wa nani?"

"Wizara ya Kazi ya Marekani," nikamwambia.