Mnauliza, najibu: vijana mnaotaka kusaidia watu, mnaanzia wapi?

Maswali mengi mliyonitumia safari hii yanafanana, ni vijana wa sekondari wanataka kusaidia watu wenye shida, wengine mtaani kwao wengine nchi za mbali, halafu wote wanakwama palepale: hela sina, umri bado, na nani atanisikiliza. Nimeyafupisha, yaliyofanana nimeyaunganisha.

SWALI: Shikamoo dada. Nipo form three Tanga, nyumbani hali ya kawaida tu na hela ya kumpa mtu sina hata mia. Kweli kuna kitu naweza kusaidia?

Marahaba mdogo wangu. Kipo, tena kingi. Angalia nyumba za jirani hapo kwenu nani anaishi peke yake au na wajukuu wadogo, maana hakuna mtaa unaokosa bibi wa hivyo. Umeme umekata, hela ya LUKU ametumiwa na mwanae na tokeni imeshaingia kwenye simu, ila zile namba 20 haoni vizuri na kwenye mita anakosea, basi analala giza mpaka apite mtu. Mwingine ana presha, tarehe ya kurudi kliniki imeandikwa kwenye kadi ila hasomi, anakuja kushtuka vidonge vimeisha wiki mbili zilizopita. Mwingine shida yake ni ndoo mbili za maji tu, au mtu wa kumpelekea mahindi mashineni. Hayo yote unayaweza leo hii bila senti.

Ila muulize kwanza. Usifike na jibu lako kichwani, kaa naye, mwambie bibi nina nafasi Jumamosi asubuhi, kitu gani kinakusumbua zaidi, halafu msikilize. Unaweza kudhani anataka kufuliwa kumbe anachotaka ni mtu wa kumpigia simu mwanae aliyeko Mwanza. Na ukisema Jumamosi basi iwe Jumamosi, kwa sababu akishakutegemea anaacha kuwaomba wengine, ukipotea unamwacha pabaya kuliko ulivyomkuta. Siku moja kwa wiki ya uhakika inatosha kabisa.

Halafu hili ulishike sana: namba yake ya siri ya simu usiijue hata kama anataka kukutajia. Akitaka kutoa hela nendeni wote kwa wakala, abonyeze mwenyewe. Inakulinda wewe na inamlinda yeye. Na nyumbani kwenu wajue uko kwa nani.

SWALI: Mambo dada, mimi ni msichana wa form two Mbeya. Darasani kwetu kuna wenzangu wakiwa kwenye siku zao hawaji shule kabisa kwa sababu hawana pedi. Tunaona aibu kumwambia mwalimu, tufanyeje?

Poa mdogo wangu, na asante kwa kuliona hili maana watu wazima wengi shuleni wanalipita tu. Anzeni na mwalimu mmoja wa kike mnayemwamini au matroni, nendeni wawili au watatu, mseme tunaomba pawe na boksi la pedi sehemu ambayo msichana anaweza kuchukua bila kumwomba mtu ruhusa mbele za watu. Kila mwenye uwezo alete pakiti moja mwanzo wa muhula, ikiisha mnajazia. Na wavulana wachangie pia, wana dada zao na mama zao, waambieni bila kuzungukazunguka.

Kitu ambacho watu wanasahau ni kwamba pedi peke yake haitoshi. Kuna msichana hana chupi ya kuivalia hiyo pedi, na kuna shule choo hakina maji wala komeo la mlango, sasa hata umpe pakiti kumi atabadilishia wapi? Kwa hiyo kwenye boksi wekeni na sabuni na chupi mpya, halafu baraza la wanafunzi lipeleke ombi la ndoo ya maji na komeo, ni vitu vya bei ndogo. Zile za kitambaa za kufua zinasaidia sana kwa muda mrefu ila zinataka maji ya kutosha na jua la kuanikia, kwa hiyo waulizeni wenyewe watakaozitumia kabla hamjashona au kununua. Wenzenu wa Kenya walirekebisha sheria ya elimu mwaka 2017, wasichana waliobalehe wakiwa shule za serikali wanatakiwa kupewa taulo za kike bure, maana yake hata serikali kama jirani zetu imeshaona ni jambo la elimu, kwa hiyo mkiongea na mwalimu ongeeni kama watu wanaodai masomo, aibu muiweke pembeni.

Na tafadhali wasiitwe mstarini wakagawiwa mbele ya shule nzima huku mtu anapiga picha. Msichana wa miaka 14 hatasahau hiyo siku, na mwezi ujao atabaki nyumbani.

SWALI: Niko Mombasa, nina miaka 16, naweza kutoa damu?

Kwa Kenya wanapokea kuanzia miaka 16 mpaka 65 na uzito usipungue kilo 50, ila wewe bado uko chini ya 18 kwa hiyo mwambie mzazi kwanza. Tanzania ni kuanzia 18. Kula na kunywa maji ya kutosha kabla ya kwenda. Waliofikisha umri mkumbuke damu haikai milele, chembe nyekundu zikihifadhiwa kwenye friji zinadumu kama siku 35 hivi, ndiyo maana wanahitaji watu wa kurudi, wanaume baada ya miezi mitatu na wanawake minne. Anayeisubiri ni mama aliyetoka damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria kali, mgonjwa wa selimundu. Na kama umri bado, mlete mjomba wako, mlete baba, wengi hawajawahi kuchangia kwa sababu tu hakuna aliyewaambia twende.

SWALI: Sisi ni marafiki sita wa Arusha. Mmoja wetu ana bethidei mwezi ujao tunataka kwenda kuisherehekea kwenye kituo cha watoto yatima, tupeleke keki, soda na nguo zetu za zamani, na tupige video. Unatushauri nini?

Nawashauri mwende, ila mbadilishe karibu kila kitu kwenye huo mpango, msinichukie.

Kwanza mpigie simu mlezi wa kituo muulize wana upungufu wa nini mwezi huu. Mara nyingi atakwambia sabuni ya kufulia, mafuta ya kupikia, unga, dawa ya minyoo, madaftari. Keki mnaweza kupeleka ila isiwe ndiyo safari yenyewe. Nguo zipelekeni zile ambazo wewe mwenyewe ungevaa kesho ukienda mjini, zimefuliwa, zipu inafunga. Pia muulize ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri kama kituo kimesajiliwa, sio usumbufu, ni kazi yake kujibu, kwa sababu vipo vinavyokusanya watoto ili wageni watoe hela. Kenya Novemba 2017 walisimamisha kabisa usajili wa vituo vipya wakihofia biashara ya watoto.

Pili video, hapana. Sura ya mtoto wa miaka sita akipokea soda itabaki mtandaoni mpaka awe na miaka 20 anatafuta kazi, na hakuna aliyemuuliza. Mkitaka kuonyesha marafiki ili nao wachangie, pigeni picha ya magunia na risiti.

Tatu, na hili ndilo linaniuma zaidi, wale watoto wanazoea watu halafu watu wanaondoka. Wageni wanakuja Desemba, wanawabeba, wanalia nao, wanaahidi kurudi. Mtoto anakaa getini. Kama mpo sita, gaweni: kila Jumamosi wawili wanakwenda kufundisha hesabu na kusoma kwa saa moja na nusu kwa muhula mzima, na mkimaliza mseme mapema kabisa kwamba mnamaliza. Wengi pia wana bibi au shangazi aliye hai, wako pale kwa sababu nyumbani chakula au ada vilishindikana, kwa hiyo ukiweza kusaidia familia moja ya mtaani kwenu isifike hatua ya kumpeleka mtoto kituoni umefanya kitu kikubwa mno, hata kama hakuna atakayekiona.

SWALI: Naona Kongo, naona Sudan, naona Gaza kila siku kwenye simu, silali. Nipo Dodoma, miaka 17, nitafanya nini mimi?

Pole sana, na usiache kuumia kwa sababu ya wenzako wanaokwambia hayakuhusu. Yanakuhusu.

Ukisema nje ya nchi, kumbuka baadhi ya hao watu wapo hapa hapa. Kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, Kigoma, ilifunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, Warundi nao wakaja, kuna mtu wa umri wako amezaliwa humo na hajawahi kuishi kwingine. Michango ya kuwafikia hao na wa mbali zaidi ipitishe kwenye njia ambazo zina anwani na watu wa kuwadai maelezo: Msalaba Mwekundu, shirika linalofanya kazi kambini, msikiti wenu, kanisa lenu. Wakatoliki mnaijua Utoto Mtakatifu, ule utume wa watoto kanisani, ilianzia Ufaransa mwaka 1843 kwa wazo hilohilo kwamba watoto wawasaidie watoto, na sadaka ya parokia zetu inafika nchi nyingine. Mwaka 2011 njaa ilipoipiga Somalia, Andrew Adansi-Bonnah wa Ghana alikuwa na miaka 11 tu akaanza kuzunguka kuchangisha. Na Wamasai wa Enoosaen, Kenya, waliposikia mashambulizi ya New York ya Septemba 11, 2001, mwaka uliofuata waliwapa Wamarekani ng'ombe 14. Walitoa walichokuwa nacho, na kwao hicho ndicho kikubwa kuliko vyote.

Mkichangishana msitumie namba ya mtu binafsi iliyosambazwa grupu la wasap, hata kama ina picha ya mtoto anayelia, matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na huku wapo. Awepo mtu mzima mmoja, daftari liwe wazi, risiti isomwe mbele ya wote. Na pelekeni hela badala ya marobota ya nguo, hela inanunua kinachotakiwa kulekule na haina gharama ya usafiri.

Kama una kompyuta shuleni na bando, kuna kitu kingine nakipenda sana. OpenStreetMap ni ramani ya bure inayochorwa na watu wa kawaida, unaangalia picha ya setelaiti unachora nyumba na barabara ambazo hazipo kwenye ramani yoyote. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali walikaa wakichora ili waokoaji wajue pa kupita. Hapa kwetu mradi wa Ramani Huria ulichora mitaa ya Dar inayofurika, na mradi mwingine, Crowd2Map, tangu 2015 inachora vijiji, sababu mojawapo ni wasichana wa Mara wanaokimbia ukeketaji waweze kufikiwa usiku. Hiyo ni kazi unaweza kuifanya ukiwa Dodoma.

SWALI: Mimi niko Iowa, Marekani, wazazi wangu walitoka Kivu, Kongo, wakapitia Nyarugusu. Nataka kusaidia watu wa kwetu, nianzie kule ama hapa?

Pote, ila anza na waliofika juzi hapo hapo mjini kwenu. Wewe unajua basi linapita saa ngapi, fomu ya shule inajazwaje, kadi ya maktaba inapatikana wapi. Jumamosi mbili za kumzungusha mama mmoja zinambadilishia maisha. Kitu kimoja ukatae: kutafsiri hospitali. Hospitali zinazopokea fedha za serikali ya Marekani zinatakiwa kutoa mkalimani bure, familia isidai mtoto wa miaka 15 amwambie shangazi yake habari za saratani. Wafundishe kusema "nataka mkalimani wa Kiswahili."

Kwa upande wa kule, ulizeni shule au kanisa moja mnalolijua. Ryan Hreljac wa Kanada alikuwa na miaka sita mwaka 1998 alipotaka kuchimbia watu kisima, alidhani dola 70 zinatosha, akaambiwa inatakiwa kama 2,000, akaendelea tu, na 1999 kisima kikachimbwa shule ya msingi Angolo kaskazini mwa Uganda. Wazazi wake walikuwa naye na kulikuwa na shirika linalojua visima. Bila hayo mawili usianze.

SWALI: Mafuriko yakija mtaani niingie kuokoa watu?

Usiingie kwenye maji mdogo wangu, hata kama unajua kuogelea. Tanzania piga 114 zimamoto, wapigie majirani wa bondeni, wasaidie wazee kupanda juu mapema kabla maji hayajafika. Kazi yako kubwa inakuja baadaye. Tope lilipoporomoka Hanang Desemba 3, 2023 likafunika Katesh, watu walikufa na waliobaki walipoteza sufuria, sare, vyeti, madaftari. Wiki ya kwanza misaada inamiminika, wiki ya sita hakuna mtu. Nendeni wiki ya sita, muulize mwenyekiti wa mtaa nani bado hajarudi shule na anakosa nini. Na mkiwa kwenye hizo kazi mtu mzima yeyote akikutaka uende naye peke yako ndipo akupe mchango, ondoka hapo hapo, mwambie mzazi au piga 116, ni bure, kwa Tanzania na Kenya namba ni hiyo hiyo.