Je, ucheshi wa baba uandikwe katika wasifu wake?

SWALI: Baba yetu alifariki dunia wiki iliyopita, naye atazikwa Jumamosi ijayo nyumbani Shinyalu, Kaunti ya Kakamega. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo jamaa wamenikabidhi kazi ya kuandika wasifu wa marehemu utakaochapishwa katika kijitabu cha mazishi. Baba alikuwa fundi wa baiskeli na mtu wa mzaha. Hakuna harusi aliyohudhuria asicheze isukuti hadi shati likalowa jasho, na sisi watoto wake sita tulizoea kulala tukiwa tumechoka kwa kicheko. Baba mdogo ananiagiza niandike kuzaliwa, shule, kazi, ndoa na ugonjwa tu, kwa kuwa, asemavyo, mzaha mbele ya jeneza ni utovu wa adabu. Nifuate agizo lake?
Kifungua mimba, Nakuru

JIBU: Pole sana kwa msiba, wewe pamoja na mama na ndugu zako.

Tarehe na majina yaandike, kwa sababu wakwe na waumini watakaotoka mbali wanataka kujua marehemu alikuwa mwana wa nani na ameacha nani. Mpe mama yako ayakague majina yote kabla hujayapeleka kwa mpiga chapa, maana mtoto au shemeji aliyesahauliwa katika kijitabu hicho huweka kinyongo kwa miaka mingi. Ugonjwa uupe sentensi moja. Lakini ukiishia hapo, utakuwa umemzika mtu ambaye majirani zake hawamjui.

Kuhusu adabu, tazama desturi ya kwenu wenyewe. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, huchezwa mtoto anapozaliwa, huchezwa harusini, na huchezwa matangani. Ni ngoma zile zile tatu zenye ukubwa tofauti, pamoja na pembe na njuga. Wazee waliotuachia desturi hiyo hawakuona kwamba mdundo aliousherehekea mtu akiwa hai unamvunjia heshima akiisha kufa, nami sioni kwa nini kicheko chake kifungiwe nje ya hema.

Nakuambia haya kwa uchungu, kwa sababu nililikosea jambo hili mwenyewe. Mwaka 1987, tukiishi Kisumu, Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, kisha ikatoka sare ya 1-1 katika marudiano ya Nairobi na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika. Mama hakukubali kwamba sare mbili zinaweza kumpa mtu kombe. Baba akazima redio, akamwaga njugu mkekani, akaanza kupanga: mbili za Tunis huku, moja ya Nairobi kule, akieleza kwa sauti ya mwalimu kwamba bao la ugenini lina uzito zaidi. Kila alipokaribia kumaliza hesabu, mama alikuwa amekwisha kula mabao ya ugenini, naye baba akarudi kwenye mfuko kuchukua mengine, akilalamika kwamba refa amehongwa. Tulicheka hadi njugu zikaisha. Baba alipofariki, wasifu wake ulitaja vyeti vyake vyote na kamati za kanisa alizozihudumia, na njugu zile hazikutajwa popote. Mimi ndiye niliyeuandika.

Kwa hiyo usiandike kwamba baba yako “alikuwa mcheshi”, kwani neno hilo husemwa juu ya kila marehemu. Andika tukio moja, ulieleze polepole: alisimama wapi, mikono yake yenye grisi ilishika nini, alisema nini. Kama alikuwa na msemo wake wa Kiluhya aliomwambia mteja asiyetaka kulipa, uache katika lugha ile ile. Wenye kuujua watauitikia wenyewe. Hapo tu ndipo ningekuwa mwangalifu: mzaha uliomwaibisha mtu atakayekuwa ameketi hemani uuache, hata kama ndio uliowachekesha kuliko yote.

Na usimkimbie baba yako mdogo. Nadhani anazungumza kwa majonzi zaidi kuliko kwa ukali. Nenda ukaketi naye kabla ya Alhamisi, umsomee ulichoandika, kisha umwombe akusimulie ndugu yake alivyokuwa kabla ninyi hamjazaliwa, walipochunga ng'ombe pamoja au walipoadhibiwa kwa kosa moja. Wewe huna habari hizo, wala mama yako hana. Atakalokusimulia liandike kwa maneno yake, na siku ya mazishi umwachie yeye aisome aya hiyo.