Mapigo yanakimbia, saratani iko pafuni: tafuteni kwanza maji kwenye mfuko wa moyo

Swali: Shikamoo daktari. Baba yetu ana miaka 63 na anatibiwa saratani ya pafu la kushoto. Wiki iliyopita mapigo yake yalifika 148 kwa dakika, tena hayana mpangilio. Amepewa vidonge vya kutuliza moyo lakini mapigo hayajashuka vya kutosha, na sasa akienda chooni tu anahema. Tumeambiwa huenda saratani imefika kwenye moyo. Inafikaje huko? Na dawa ya kuzuia damu kuganda aanze?

Jibu: Marahaba, na poleni kwa kuuguza.

Pafu na moyo vimebanana kifuani, kwa hiyo saratani haihitaji safari ndefu. Huweza kupenya moja kwa moja, kupitia njia za limfu (mirija inayopitisha majimaji ya mwili), au kutambaa ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka mapafuni hadi chemba ya juu ya kushoto ya moyo. Mara nyingi hutua kwenye mfuko unaouzunguka moyo kuliko kwenye nyama yenyewe. Mfuko ukivimba, chemba za juu, ambazo kuta zake ni nyembamba, hukereketwa na kuanza kurusha umeme ovyo. Hapo ndipo mapigo hupoteza mpangilio, hali ambayo wataalamu huiita fibrilesheni ya atria. Mara chache uvimbe huota kwenye ukuta wa kati na kukata njia ya umeme. Mgonjwa wa namna hiyo moyo wake hupiga polepole mno, na anaweza kuzimia.

Lakini kwa mzee, hiyo 148 hainitishi kama huko kuhema. Nahofia maji kwenye mfuko wa moyo. Moyo uliobanwa haujai vizuri, kila pigo linasukuma damu kidogo, basi unakimbia ili kufidia. Ukiutuliza kwa dawa kabla ya kuyatoa maji, unamwondolea kinachomshikilia, na presha inaweza kuporomoka. Wingi wa maji si hoja sana: mililita 200 zilizojaa haraka zinaweza kubana, wakati lita nzima iliyokusanyika taratibu wengine huivumilia.

Apimwe altrasaundi ya moyo leo, msingoje kliniki ijayo. Akiwa hawezi kulala chali, mishipa ya shingo imetuna au presha imeshuka, mpelekeni hospitali sasa hivi. Maji yakitolewa kwa sindano yapelekwe maabara kutafuta seli za saratani na pia kifua kikuu, maana kwetu huku TB nayo hujaza mfuko wa moyo, hata kwa mwenye saratani.

Dawa ya kuzuia damu kuganda isianzwe kabla ya altrasaundi hiyo. Maji ya saratani mara nyingi huwa na damu, na dawa hiyo inaweza kuyaongeza. Hata hivyo simkatalii moja kwa moja: saratani huleta pia mabonge ya damu mapafuni, na bonge nalo huufanya moyo ukimbie na mtu ahemee juu juu. Likionekana, daktari wake atapima hatari zote mbili.

Waombeni pia wapime oksijeni, pamoja na potasiamu na magnesiamu, yaani madini ya damu. Nendeni na vidonge vyake vyote, vya saratani vikiwemo: krizotinibu hupunguza kasi ya moyo, na osimertinibu huweza kuvuruga umeme wake.