Wengi wape, lakini waulize mmoja mmoja

Kazi yangu ni kusimamia kurasa za biashara ndogo mitandaoni, kwa hiyo nimo kwenye makundi mengi ya WhatsApp ambamo maamuzi hupitishwa. Bosi anarusha picha mbili za tangazo, anaandika: "Mimi naona hii ya pili imekaa vizuri. Mnasemaje?" Muda si muda, madole gumba yamejipanga. Utaambiwa timu imekubaliana. Timu haijakubaliana chochote, imemkubalia bosi.

Ushauri ninaoushikilia kuliko wote ni huu: usiulize kundini kabla hujauliza pembeni. Mwandikie kila mtu peke yake, achague na atoe sababu, kisha yapeleke majibu yote kundini kwa mpigo. Bosi atoe lake mwisho. Wapo wakubwa wanaokereka na utaratibu huu, na kwa niliyoyaona, hao ndio wanaouhitaji zaidi. Usiiruke sababu: mtu akishaiandika, haiachi kirahisi wenzake wanapoelekea kwingine.

Solomon Asch, mwanasaikolojia wa Marekani, alilionyesha jambo hili miaka ya 1950 kwa mistari iliyochorwa kwenye kadi. Mtu aliulizwa ni mstari upi unalingana na mwingine, na jibu lilikuwa wazi kabisa. Wenzake chumbani, waliokuwa wamepangwa mapema, walipotaja jibu lisilo sahihi kwa kauli moja, kama theluthi ya majibu yalifuata mkumbo. Alipopatikana mmoja tu wa kutaja jibu sahihi, mkumbo ulipungua nguvu sana. Ndiyo maana kwenye timu namtaka mtu asiyejali kuonekana mkaidi. Anachosha, najua.

Maoni ya wateja nayo yana ugonjwa huohuo. Mwaka 2013, Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha katika jarida la Science jaribio walilolifanya kwenye tovuti ambako watumiaji hupigia kura maoni ya wenzao. Baadhi ya maoni yalipewa kura moja ya bandia ya kuyaunga mkono, mara tu yalipoandikwa. Mwishowe alama zake zilipanda kwa wastani wa asilimia 25. Kura moja! Ile ya bandia ya kupinga haikufika mbali, kwa sababu wasomaji wengine waliisawazisha.

Wenye biashara wengi hufanya kinyume chake. Mteja mmoja akiponda, usingizi unapaa. Sifa zikimiminika, hakuna anayezikagua. Mimi nazitilia shaka sifa kwanza, hasa zile zilizoanza kumiminika saa ileile tangazo lilipotoka, maana huenda wa pili alimsoma wa kwanza tu.

Nikitaka kujua bidhaa ikoje, laiki na nyota naziweka kando, nafungua kumbukumbu za mauzo. Nani amerudi kununua? Nani amerudisha mzigo? Kisha nawapigia simu wachache walionunua mara moja wakanyamaza. Hao hawaandiki popote, na ukiwauliza kama walipenda watasema ndiyo ili simu iishe. Waulize sasa hivi wananunua wapi, na kwa nini huko.